WAZEE WETU WANAOSAHAU NA NYUMBA TUNAZOWAJENGEA

(Hotuba iliyosomwa mbele ya vijana na wazazi mjini Kitui, baada ya swala ya tarawehe)



 Najua mmechoka. Mtu amefunga tangu alfajiri, amesimama tarawehe, kisha anaambiwa akae amsikilize mtoto wa juzi. Sitawaweka sana, daku nayo inangoja.

Niliombwa nizungumze juu ya kijana na elimu. Nimeomba ruhusa nibadilishe mada, na mwenyekiti amekubali, Mwenyezi Mungu amlipe. Nataka tuzungumze juu ya nyumba: milango, ngazi, korido na mabaraza. Mtaniuliza haya yanahusiana vipi na Ramadhani. Nitawaeleza, lakini nianze na susu yangu, kwa sababu wengi wenu hapa mnamjua na mmekula kaimati zake.

Susu alikuja Nairobi mwaka 2021, miezi michache baada ya babu kufariki. Hakuna aliyemlazimisha. Watoto wake walikaa kikao, wakasema mama hawezi kubaki peke yake, na kwa kuwa mamangu ndiye aliyekuwa na kazi ya kudumu, akaletwa kwetu. Tulikuwa tunaishi Pipeline, Embakasi, ghorofa ya tano. Anayeijua Pipeline anajua ninachosema. Majengo ya ghorofa saba, nane, yamebanana hivi kwamba jirani wa ng'ambo anaweza kukupa chumvi kupitia dirishani. Lifti hakuna. Korido ina giza hata saa sita mchana. Kila ghorofa ina vyumba vimepangwa pande mbili, na kila chumba kina mlango wa chuma wa rangi ileile ya kijivu, na kila ghorofa inafanana na iliyo chini yake. Mimi mwenyewe, na macho yangu haya ya ujana, nimewahi kusukuma mlango wa mtu nikidhani ni wetu.

Kule Kitui susu alikuwa ameshaanza kusahau, ila sisi hatukugundua. Sasa naelewa kwa nini. Alikuwa anasahau siku na majina, lakini miguu yake ilijua njia. Ukitoka mlangoni unaona mwembe, ukipita mwembe unaona mnara wa msikiti, ukifika msikitini kuna mtu anakuita kwa jina na kukuuliza umeamkaje. Mtaa mzima ulikuwa unamsaidia kukumbuka bila mtu kujua kwamba anasaidia. Tulipomtoa pale tulidhani tunahamisha mtu na mkoba wake.

Wiki ya tatu akatoka kabla ya Alfajiri, akitaka kuwafungulia mbuzi. Alishuka mpaka ghorofa ya tatu, akasukuma mlango, mwenye chumba akapiga kelele za mwizi. Alhamdulillahi alikuwa mama wa Kikamba kutoka Makueni, akamsikia mzee anavyozungumza, akampandisha juu pole pole. Watu wa ghorofa nzima walikuwa wameshatoka, na mmoja ameshika rungu. Nyote mnajua yaliyowapata wazee wenye mvi kule Kilifi na Kisii, wanaouawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu wameonekana mahali na saa isiyo yao.

Mara ya pili alipotea tangu asubuhi. Tulimtafuta mpaka Alasiri, mama analia barabarani. Tulimkuta mtaa wa tatu kutoka kwetu, ameketi kwenye baraza la msikiti, viatu amevipanga vizuri, anangoja. Nikamwuliza, "Susu, umefikaje hapa?" Akanishangaa mimi. Akasema, "Si wameadhini?"

Basi baada ya siku ile tukanunua kufuli. Mama akienda kazini na sisi tukienda masomoni, tulimfungia kwa nje. Sitaki kulipamba jambo hili. Kama moto ungewaka, au kama angeanguka, hakuna aliyekuwa na ufunguo. Aya ya 23 ya Suratul Israa niliihifadhi nikiwa mdogo kabisa, pale madrasa, na nikachapwa nilipokosea irabu. Nilijua kwamba mzazi aliyezeeka haambiwi hata "uff". Na wallahi sikuwahi kumwambia susu "uff". Nilikuwa namsalimu kwa adabu, nambusu mkono, kisha nafunga kufuli.

Sasa ugonjwa wenyewe. Madaktari wanauita dimenshia. Uzee wa kawaida haumfanyi mtu apotee nyumbani kwake. Hiki ni kitu kingine, ni maradhi ya ubongo, na aina yake inayojulikana zaidi ni Alzaima. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 55 wanaishi nao, na zaidi ya nusu yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati kama yetu. Dawa ya kuuondoa bado haijapatikana. Na kwetu sisi Waislamu hali hii si ngeni wala si aibu: Suratun Nahl aya ya 70 na Suratul Hajj aya ya 5 zinamtaja mtu anayerudishwa kwenye umri ambao hajui tena alichokuwa akikijua, na Mtume (S.A.W.) alikuwa akiomba kinga asifikishwe huko. Imetajwa katika Kitabu, halafu sisi tunanong'ona kwamba fulani amerogwa.

Na kwa sababu tuko Ramadhani, niseme jambo moja dogo. Nyumbani kwetu susu alikula muhogo saa nne ya asubuhi na watoto wakamcheka, "susu amekula mchana!" Nilimwuliza maalim wangu, akanijibu kwamba ambaye fahamu zake zimeondoka hana lawama ya saumu. Aliye mwanzoni mwa ugonjwa na bado anataka kufunga, huyo aulizwe daktari pamoja na sheikh, maana ukosefu wa maji mwilini humzidishia mzee mkanganyiko. Watoto tuwafundishe wasicheke.

Mwaka 2022 mjomba alimrudisha susu hapa Kitui. Mimi nikabaki Nairobi na masomo yangu ya upangaji wa miji, na huko darasani ndiko nilikokutana na jambo lililonifanya nisimame mbele yenu. Mwaka 2004 watafiti wawili wa Oxford, Uingereza, Elizabeth Burton na Lynne Mitchell, walitoa ripoti juu ya mitaa na watu wenye dimenshia. Walitembea na wazee hao nje ya nyumba zao, wakaangalia wanajuaje njia. Wakaona kwamba mzee hategemei ramani wala vibao vingi vya maandishi. Anategemea alama anazozijua: mti, mnara, duka la kona, kiti alichozoea kukalia. Wakasema mtaa mzuri kwa watu hawa uwe wa mazoea, usomeke kwa macho, uwe na vitu vya kuutofautisha, ufikike kwa miguu, ustareheshe na uwe salama. Nikawa nasoma huku nasikia sauti ya susu: si wameadhini?

Halafu nikaanza kufikiri juu ya nyumba zetu za Majengo. Ndugu zangu, hebu ikumbukeni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ile iliyojengwa Pumwani tangu miaka ya 1920 na katika miji mingi ya bara walikokaa Waislamu. Mbele kuna baraza. Unaingia, kuna korido moja iliyonyooka, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, na mwisho wa korido uani, ambako kuna jiko, maji na choo. Ukisimama mlangoni mwa chumba chochote unaona pande zote mbili: huku mwanga wa barabarani, kule mwanga wa uani. Hakuna kona ya kukupoteza. Mzee akitoka nje, hafiki mbali kabla hajapita mbele ya mtu aliyeketi barazani. Na yule wa barazani hakuajiriwa kulinda mtu, amekaa tu anacheza bao. Wakamba nao walikuwa na thome, pale mbele ya boma wazee wanapoota moto na kumwona kila anayeingia na kutoka. Mimi naona ni fikra ileile.

Wenzetu Ulaya wamelazimika kuirudia fikra hiyo kwa gharama kubwa. Huko Weesp, karibu na Amsterdam, Uholanzi, mwaka 2009 kilifunguliwa kijiji kinachoitwa De Hogeweyk. Wanaishi humo watu zaidi ya 150 wenye dimenshia kali, wachache wachache katika kila nyumba, na kuna barabara, bustani, duka na mkahawa. Mzee anatembea anapotaka, kwa sababu kijiji kizima kina mlango mmoja tu wa kutokea, na kila mfanyakazi, hata wa dukani, anajua hali yake. Ni kizuri, na ni ghali mno kwetu. Lakini kuna jambo moja halinitulizi: hata kile kina ukuta. Kufuli letu la Pipeline limepanuliwa, likapewa maua. Labda namwonea Mholanzi, maana susu angefurahi zaidi mle kuliko ghorofa ya tano.

Kwangu mimi Wajapani wamegusa penye mfupa zaidi. Mwaka 2004 waliacha jina la zamani la ugonjwa huu lililokuwa na maana ya upumbavu, na mwaka 2005 wakaanza kuwafundisha watu wa kawaida, wanafunzi, wenye maduka, watu wa benki, kwa somo la kama saa moja na nusu tu: utamjuaje mtu aliyepotewa na fahamu, utamsogeleaje, utasema naye vipi. Zaidi ya watu milioni 10 wamepitia somo hilo. Tokyo ina watu wengi kuliko Nairobi, na huwezi kuijengea ukuta.

Kwa sababu msongamano wenyewe si adui. Sensa ya 2019 inatuambia kwamba Kitui ina watu 37 katika kila kilomita moja ya mraba, Makueni 121, na Nairobi 6,247. Kuna watu wanaoniambia, basi jibu ni kuwaacha wazee shambani. Nilikuwa nafikiri hivyo pia. Lakini susu aliporudi Kitui, mara mbili alipotelea kwenye mto wa mchanga, na huko hakuna hata mlango wa jirani wa kusukuma. Shambani kuna moto wa mafiga matatu, kuna choo cha shimo kilicho mbali na nyumba, na vijana wote wameenda mjini. Katika watu 37 kwa kilomita, ni nani atakayekuona umepita? Mji una macho mengi. Shida ni kwamba tumeujenga ili macho hayo yasionane, kila mtu nyuma ya mlango wake wa kijivu.

Makueni wametutangulia katika jambo hili, na sisi wa Kitui tusione haya kujifunza kwa jirani. Mradi wa utafiti ulioitwa STRiDE, ulioanza 2018 katika nchi saba, Kenya ikiwa mojawapo, ulifanya kazi huko kupitia taasisi ya Profesa David Ndetei, Africa Mental Health Research and Training Foundation. Waliwatumia wahudumu wa afya wa jamii, wale wanaotoka nyumba hadi nyumba, kuzungumza na watu ili kupunguza unyanyapaa. Ni elimu inayoingia mpaka kijijini kupitia mtu anayejulikana. Na Makueni hiyohiyo ndiko unakojengwa mji mpya wa Konza, ekari 5,000, uliozinduliwa na Rais Kibaki Januari 2013. Mji unaoanza kwenye karatasi tupu una bahati ambayo Pipeline haikuipata: swali la mzee anayesahau linaweza kuulizwa kabla ya zege kumwagwa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 57, inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake na serikali pia. Mkisikia kuna kikao cha wananchi juu ya Konza, au juu ya nyumba za serikali zinazojengwa chini ya sheria ya 2024, nendeni mkaulize: vyumba vya chini amewekewa nani?

Sasa nije nyumbani, kwenye jambo lililonileta hasa. Wazee wa kamati wanisamehe, nimewaomba radhi kabla ya kupanda hapa.

Nyuma ya madrasa yetu kuna kiwanja cha wakfu, na juu yake ile nyumba ya vyumba sita. Mimi nimesomeshwa na kodi ya nyumba ile. Ndiyo iliyokuwa ikimlipa ustadhi wangu. Leo imechakaa, paa linavuja, na kamati inataka kuibomoa na kujenga ghorofa nne, chini maduka sita na juu vyumba vya kupangisha. Siwezi kuwalaumu. Madrasa ina watoto wengi kuliko zamani na walimu wanadai mishahara. Lakini ndani ya nyumba ile wanaishi mama wawili wajane, wapangaji wa miaka mingi, na mmoja wao ameanza kuuliza swali lilelile mara tano kwa saa moja. Ameambiwa asihofu, atapewa chumba ghorofa ya tatu, kwa kodi ileile.

Mimi nimeshawahi kuona mwisho wa habari hiyo.

Nimechora mchoro mwingine. Ghorofa ni nne zilezile. Ila chini, maduka yawe manne yatazame barabarani, na sehemu ya nyuma pawe na vyumba viwili vinavyofunguka uani. Korido ikatize moja kwa moja kutoka barabarani hadi uani, kama ilivyo sasa, ili aliye uani aone mwanga wa mbele. Baraza libaki, la saruji, refu, chini ya kivuli cha ghorofa ya kwanza. Mwarobaini ulioko uani usikatwe. Mama yule anaujua kuliko anavyonijua mimi. Kila mlango upakwe rangi yake. Kila ngazi ipigwe mstari mweupe ukingoni. Sakafu isiwe na vigae vya kung'aa, maana mzee anaviona kama maji na anaogopa kukanyaga, na mkeka mweusi mlangoni anauona kama shimo. Choo kiwe na mlango wa rangi isiyofanana na mwingine wowote, na taa yake isizimwe usiku. Haya yote hayazidi gharama ya rangi na akili kidogo. Kinachogharimu kweli ni yale maduka mawili.

Mweka hazina wetu aliniambia, "Kijana, huruma haiezeki paa." Amesema kweli, na sina hamu ya kubishana naye. Nimeleta hesabu. Sisi katika jumuiya hii tuko vijana sitini na kitu. Kila mmoja akitoa shilingi mia moja kwa mwezi, ni shilingi elfu sita na zaidi, na hizo ziingie kwenye mfuko wa madrasa kufidia pengo la maduka yale. Mia moja ni chips na soda, na wengine tunazila mara mbili kwa wiki. Haitafidia yote. Itafidia kiasi cha kuifanya kamati ikae tena na kuuangalia mchoro.

Na niwaambie akina kaka wenzangu, pesa peke yake haitoshi. Sisi wavulana ndio tunaosimama kutoa hotuba juu ya wazee, lakini dada zetu ndio wanaowaosha, wanaowabadilisha nguo na kukesha nao. Aliyekuwa akimwogesha susu kule Pipeline ni dada yangu, na alirudia mtihani wake wa kidato cha nne kwa sababu hiyo. Nyumba ikijengwa vizuri kiasi gani, kama wa kukaa barazani ni yeye peke yake, tutakuwa tumembadilishia gereza tu.

Susu yuko hai, Mwenyezi Mungu amzidishie wepesi. Jina langu hana tena; ananiita kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani, na mimi naitika. Adhana ikitoka bado anainuka kutafuta viatu. Siku hizi watoto wa mtaa wamezoea, yeyote anayemwona njiani anamshika mkono, anatembea naye mpaka msikitini, kisha anamrudisha. Hakuna aliyewafundisha Kijapani.

Kamati inakaa Jumamosi ya pili baada ya Idd. Mchoro uko kwa katibu, anayetaka kuuona auone, na anayeona kosa anirekebishe, mimi bado ni mwanafunzi. Kesho baada ya Alasiri nitakuwa pale kiwanjani kupima upya, maana vipimo vyangu vya uani sina imani navyo. Nahitaji watu wawili wa kushika futi kamba, na mmoja wa kuketi barazani na wale mama wawili, awaeleze taratibu tunapima nini, na awe tayari kueleza tena na tena.